Mifarishi ya viraka iliyolala kabatini kwa miaka: nianze na upi, na niimalizeje?

Mkazi wa Njombe:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mazungumzo yetu mengi huhusu magauni, sare za shule na mishono ya harusi, nami leo naomba tuongee kidogo kuhusu kazi ambayo mafundi wengi huikwepa kwa sababu haina mteja anayegonga mlango kuiulizia, yaani mifarishi ya viraka, mafuniko ya kitanda yenye matabaka matatu (uso wa viraka, kijazio katikati na kitambaa cha chini), inayoshonwa nyumbani kwa matumizi ya nyumbani. Ninayo mitatu, yote imekwama, na kila kipupwe kinapoingia huku kwetu Njombe nanunua blanketi jingine ilhali kabati limejaa mifarishi isiyokwisha.

Wa kwanza ni wa vitenge. Nilikata miraba ya inchi sita na nusu kila upande kutoka kwenye mabaki ya magauni, na hadi sasa miraba sabini imekwisha kuunganishwa, saba kwa upana na kumi kwa urefu. Nilikusudia ufunike kitanda cha futi tano kwa sita, lakini mabaki yaliisha, na vitenge vyenye maua yale havipatikani tena madukani.

Wa pili ni wa mashati ya marehemu baba yangu. Uso wake wa juu umekamilika. Umekunjwa fukoni pamoja na blanketi jepesi la mtumba litakalokaa katikati na shuka litakalokaa chini. Kila ninapoutoa ninaukunjua, ninaupiga pasi, kisha ninaurudisha fukoni. Mashati mengine ni ya pamba tupu na mengine yamechanganywa na poliesta.

Wa tatu nimerithi kutoka kwa shangazi aliyekuwa akiishi Tanga. Ni wa kanga, umejazwa usufi, matabaka yamepigwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, na kubanwa kwa pini ambazo zimeota kutu na kuacha madoa ya kahawia. Robo yake hivi imeshonwa kwa mkono, kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyonyooka ambayo mimi siwezi kuiiga.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu na haina vifaa vya ziada. Je, itapita kwenye matabaka matatu? Madoa ya kutu yanatoka? Kazi ya shangazi niifumue au niiendeleze? Na kwa maoni yenu, nianze na upi?

Fundi wa Msamvu:

Dada, kwanza hongera kwa kuitunza, kwa maana wengi wangekwisha kuigeuza matambara ya kupigia deki.

Nikitazama maelezo yako naona kwamba mifarishi hii mitatu haiumwi ugonjwa mmoja. Wa vitenge umekwamishwa na vipimo, wa tatu umekwamishwa na pini, na wa mashati haukukwamishwa na kitu chochote cha kifundi. Huo wa mashati umesimama mahali ambapo kazi za namna hii husimama zaidi, yaani pale uso unapokuwa umekamilika na linalobaki ni kuyaunganisha matabaka. Kuunga viraka ni kazi ya kukaa, unaweza kuifanya huku ukizungumza na wageni. Kuunganisha matabaka kunadai sakafu nzima, mchana mzima na watoto wasiopitapita, na ndiyo maana watu huahirisha.

Tuanze na hesabu ya vitenge. Mraba wa inchi sita na nusu, ukishatoa robo inchi ya mshono kila upande, unabaki inchi sita. Kitanda cha futi tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72, kwa hiyo kukifunika juu tu, bila kuning'inia pembeni, kunahitaji miraba kumi kwa kumi na miwili, yaani 120. Ukitaka ushuke futi moja kwenye ubavu mmoja, futi moja kwenye ubavu wa pili na futi moja miguuni, unahitaji inchi 84 kwa 84, na hiyo ni miraba 196. Mtu aliyeanza na fuko la mabaki hawezi kufika huko, na hapo ndipo moyo huvunjika.

Lakini miraba yako sabini imekwisha kukupa inchi 42 kwa 60. Ukizungushia ukingo wa kitambaa cha rangi moja, wenye upana wa inchi tisa kwenye mbavu mbili ndefu na inchi sita juu na chini, unapata inchi 60 kwa 72 kamili, bila kutafuta hata kipande kimoja cha kitenge kilichokwisha dukani. Kumbuka tu kuongeza robo inchi ya mshono kila upande unapokata, na uanze kwa kushona mbavu ndefu, kisha juu na chini. Ukingo wa rangi moja pia hutuliza macho, kwa sababu vitenge vingi vikikaa pamoja huwa vinapigana kelele.

Kuhusu cherehani ya miguu, usiwe na hofu, hiyo ni mashine yenye nguvu. Weka sindano namba 14, au 16 kama blanketi ni zito. Juu ya nguzo inayoshika mguu wa kukandamiza kitambaa kuna skrubu. Ilegeze kidogo ili mguu usisukume tabaka la juu likatangulia la chini, kwa kuwa hapo ndipo mikunjo hutokea. Ongeza urefu wa mshono. Piga bandi kwa mkono kutoka katikati kuelekea pembeni, mistari isiachane zaidi ya upana wa kiganja, kisha nenda na cherehani kwa mpangilio huohuo, ukianzia mstari wa katikati kabisa. Upande unaoingia chini ya mkono wa cherehani ukunje kwa kuuviringisha na kuubana, la sivyo hautapita.

Mashati ya poliesta yapige pasi kupitia kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo, hasa kama pasi yako ni ya mkaa ambayo joto lake halina namba.

Kuhusu wa shangazi, mimi ningeufumua wote na kuanza upya. Kazi iliyoshonwa robo kwa mkono mmoja na robo tatu kwa mkono mwingine haitapendeza.

Bi Mkubwa wa Kisauni:

Mwanangu wa Njombe, salaam. Fundi amesema vyema kuhusu vipimo na cherehani, ila katika lile la mwisho mimi sikubaliani naye hata kidogo, na nitaeleza kwa nini kwa njia ya kazi, si kwa huruma tu.

Kanga iliyozeeka ikifumuliwa hutoboka. Kila tundu la sindano ambalo uzi umekaa ndani yake kwa miaka limekwisha kupanuka, na ukivuta uzi huo kwa haraka unaondoka na nyuzi za kitambaa. Sehemu aliyoishona shangazi yako ndiyo iliyo imara kuliko zote. Iache. Wewe endelea na mishono yako mwenyewe, iwe mirefu zaidi ikibidi, lakini ifuate mistari ileile yake. Mfarishi wenye mikono miwili ni jambo la kawaida katika nyumba zetu, na hakuna aliyewahi kukataa kujifunika kwa sababu hiyo.

Sasa pini. Zitoe zote leo, kabla ya kufikiria jambo jingine, maana kutu haisubiri, inaendelea kula kitambaa. Pini isiyotaka kutoka usiivute, izungushe taratibu. Kisha fumua bandi tu, katika zile robo tatu zisizoshonwa, uinue uso wa kanga utengane na usufi. Hilo ni muhimu kwa sababu madoa utayatibu kwa maji, na usufi usiushirikishe katika maji hayo. Usufi wenyewe haunyonyi maji upesi, ndiyo maana zamani uliwekwa hata katika maboya ya kuokolea watu baharini, lakini ukishalowa ndani ya kitambaa hukusanyika mabonge na hukauka kwa taabu.

Doa la kutu kwenye pamba hulainika kwa ndimu na chumvi. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza, rudia kama halijatoka. Lakini jaribu kwanza pembeni, mahali ambapo kutafichwa na pindo, kwa sababu ndimu na jua huweza kuichubua rangi ya kanga pamoja na kutu. Jambo la kuepuka kabisa ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Wengi huikimbilia, nayo hulikoleza doa la kutu badala ya kulitoa.

Usufi huo, ukiwa haujaoza wala kuingia wadudu, unaweza kubaki, ila ushone mistari ya karibu karibu, vidole vitatu au vinne kati ya mstari na mstari, kwa sababu usufi huteleza. Nyuzi zake ni fupi na laini mno, hazishikani zenyewe kwa zenyewe kama pamba. Mistari ikiwa mbali, baada ya muda utakuwa na mfarishi mtupu katikati na mnene miguuni. Na usiuloweke kamwe kwenye beseni. Anika juani juu ya jamvi na ukung'ute.

Neno moja la mwisho kuhusu kanga zenyewe. Tazama kama katika vipande hivyo shangazi yako aliacha jina, yaani yale maandishi yaliyo upande wa chini wa mji, sehemu ya katikati ya kanga. Kama yapo, mistari yako ya kushona izunguke maandishi, isiyakate katikati. Tazama pia kwenye ukingo kama kuna alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya lile duka la Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Kama ipo, usiipunguze hata kwa ajili ya kunyoosha pembe. Mfarishi uliopinda kidogo wenye alama hiyo una thamani kuliko ulionyooka usio nayo.

Mama wa Minnesota:

Nawasalimu kutoka Marekani, ambako baridi hunifanya nimuelewe vizuri dada wa Njombe. Huku kushona mifarishi ni utamaduni mkubwa, wanawake hukutana katika kumbi za makanisa na maktaba, na kabati lenye kazi zisizokwisha ni jambo ambalo kila mmoja analo na hutaniana kwalo. Nimejifunza kwao mambo mawili ambayo sioni yametajwa hapa.

La kwanza ni kwamba matabaka si lazima yashonwe kwa mistari. Yanaweza kufungwa. Unachukua sindano ndefu na uzi mnene wa pamba, unapitisha kutoka juu hadi chini na kurudi juu karibu na pale ulipoingilia, unafunga fundo, ncha ya kulia juu ya kushoto na kisha ya kushoto juu ya kulia, unakata ukiacha ncha za nusu inchi hivi. Ukifunga kila mahali ambapo pembe nne za viraka hukutana, mfarishi umeshikamana. Kwa mfarishi wa mashati ya baba wenye blanketi katikati njia hii inafaa sana, kwa kuwa blanketi ni kitambaa kizima kisichohama kama usufi. Haihitaji cherehani kabisa. Unaweza kuifanya ukiwa umekaa kitandani, na sidhani kwamba ni njia ya uvivu, ingawa wapo watakaosema hivyo.

Kwa kuwa umetaja mashati ya marehemu, nitaongeza kwamba katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, kinachokaliwa na Wamarekani wenye asili ya Afrika, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alishona mfarishi mwaka 1942 kutokana na nguo za kazi za mumewe aliyefariki. Mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston mwaka 2002, na watu walisimama mbele yake kwa muda mrefu. Magoti yaliyochakaa, mahali palipokuwa na mfuko ambapo rangi haikupauka, madoa, vyote vimeachwa vionekane. Kwa hiyo, dada, kama ulikuwa unatafuta namna ya kuficha kola zilizochanika au alama za mifuko ya baba, huenda hakuna haja.

La pili linahusu mabaki yatakayosalia baada ya kazi hizi tatu. Kule India, katika jimbo la Karnataka, wapo Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao kwa njia ya biashara ya utumwa iliyopita katika Bahari ya Hindi. Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi wanaouita kawandi, nao hawafuati utaratibu wetu wa kukamilisha uso kwanza. Hutandika kitambaa cha chini, kwa kawaida sari ya zamani, huanza kwenye pembe moja, hukunja ukingo kuelekea ndani, na hushona kwa mkono kipande baada ya kipande, wakizunguka kutoka pembeni kuelekea katikati. Kila mshono hupita katika matabaka yote kwa wakati mmoja. Katikati kunapofungwa, kazi yote imekwisha, haina pindo la kuongeza wala bandi ya kufumua, na pembeni huwekwa vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu Fundi amegusa jambo la kweli kuhusu mahali kazi zinapokwama. Katika kawandi mahali hapo hapapo. Hakuna hatua ya kutandaza uso sakafuni na kuuogopa. Anayejijua kwamba huanza kwa ari na kukomea kwenye matabaka, basi mfarishi wake ujao aushone kwa njia hiyo, bila miraba wala vipimo.

Kuhusu upi uanze, mimi nasema vitenge, wala si kwa sababu ndio rahisi zaidi. Ule wa mashati utakutoa machozi na ule wa kanga utakuhitaji uwe na mkono uliozoea. Vitenge vikiharibika kidogo hutajilaumu.

Mfumaji wa Ngara, Nairobi:

Samahani kwa kuingilia na maoni ya kinyume, lakini si kila kitu kilichoanzwa lazima kiwe kile kilichokusudiwa. Ikiwa umevichoka vile vitenge, miraba sabini hutosha foronya za makochi, kila moja ikitumia miraba tisa mbele na kitambaa cha rangi moja nyuma, na unapata saba na ziada. Foronya moja huisha jioni moja. Sisemi hivyo kuhusu mashati wala kanga.

Jambo jingine ambalo ningependa lizingatiwe ni uzi. Uzi uliokaa fukoni pamoja na kazi kwa miaka mingi usitumike kabla ya kupimwa. Vuta kipande kwa mikono miwili, na ukikatika bila ukinzani, tupa kigurudumu chote. Kushona mfarishi mzima kwa uzi uliooza ni kujitafutia kazi ile ile mwakani.

Mkazi wa Njombe:

Shikamoo Bibi wa Kisauni, na asanteni sana nyote. Pini zote zimetoka tayari, isipokuwa mbili zilizovunjika ndani ya usufi ambazo nitazitafuta nitakapoinua uso. Jina la kanga lipo, limeandikwa *Wema hauozi*, na shangazi alikuwa amekwisha kulizunguka kwa mishono yake pande tatu, kwa hiyo naona alikuwa na nia hiyo hiyo aliyoieleza Bibi. Alama ya K.H.E. sikuiona. Kazi yake sitaifumua, Fundi utanisamehe.

Nimeamua kuanza na vitenge, kwa ukingo wa inchi tisa na sita, kisha nifunge mashati kwa mafundo, na kanga ije mwisho wakati jua la Oktoba litakapokuwa kali la kutosha kwa ndimu na chumvi. Foronya sitashona, ingawa wazo limenivutia.

Swali lililobaki ni la ukingo. Nina pamba nyeusi ya kutosha, na pia nina buluu iliyoiva ambayo haijawahi kufuliwa. Viraka vyenyewe vina manjano na rangi ya machungwa kwa wingi.

Fundi wa Msamvu:

Umenishinda kwa hoja kuhusu kanga, Dada, na Bibi amenishinda zaidi.

Chukua buluu. Nyeusi huvuta nyuzinyuzi za blanketi na vumbi, na kitandani huonekana kila kitu. Lakini buluu isiyofuliwa usiishone kabla ya kuipima. Lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikipata rangi, fua buluu yote peke yake mara kadhaa, ukipima kila baada ya kufua, hadi buluu iache kutoa rangi, kwa sababu ikichujia kwenye manjano yale utapata kijani usichokitaka. Kufua huko pia kutamaliza kujikunja kwake, maana pamba mpya hupungua ikifuliwa na vitenge vyako vya magauni vimekwisha kupungua. Kata ukingo baada ya hapo, wala si kabla.

Pindo la mwisho, yaani utepe wa kufunga kingo zote, likate kwa upana wa inchi mbili na nusu, likunjwe katikati kwa urefu. Kwa mfarishi wa inchi 60 kwa 72 unahitaji inchi 264 kuzunguka pande zote nne, ongeza kumi za pembe na maungio. Kata likiwa limenyooka na uzi wa kitambaa. Mshazari hauhitajiki kwa sababu pembe zako ni za mraba.